Usukani wa Nyuma

Walimwita Taratibu kwa sababu neno hilo halikumbanduka mdomoni. Ngazi ya gati ikiteleza, atasema taratibu. Birika la chai likifurika, taratibu. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi usiojua breki, alipenda kusimulia kwamba hata siku ya ndoa yao, alipoulizwa kama amekubali kumwoa, bwana harusi alijibu, "Nimekubali, lakini taratibu." Ulikuwa uongo mtupu, lakini watu walicheka, na Taratibu mwenyewe alicheka pamoja nao. Alikuwa mtu wa kupendwa na alilijua hilo. Tena alilipenda kupita kiasi, na mkosi wake ulipitia hapo hapo.

Kazi ya maji aliianza ujanani, akifunga kamba za meli bandarini. Baadaye alikaa miaka kumi na minane kwenye kivuko, msaidizi wa nahodha, akivusha watu na mizigo yao na kelele zao. Kivuko kilipouzwa alikaa nyumbani mwaka mzima, akimshikia mkewe vitambaa na kumpimia futi pasipo kuombwa, mpaka mama wa watu akachoka. "Mume wangu, nakupenda," alimwambia, "lakini tafuta kazi kabla sijakushona mdomo." Wiki hiyo hiyo chama cha vijana wasioona kilikuwa kinatafuta nahodha wa boti yake, na Taratibu akaenda na vyeti vyake kwenye mfuko wa nailoni.

Boti ilikuwa ya matanga mawili, kuukuu lakini imara, zawadi ya mtu aliyestaafu mambo ya bahari. Kila mwezi vijana wanane walipanda na kukaa siku tano majini. Walivuta kamba wenyewe, walipika wenyewe, waliosha sufuria, na kila mmoja kwa zamu alishika usukani. Mbele ya usukani ilifungwa dira inayotoa sauti. Kijana alivaa kisikilizio sikioni. Boti ikipotea kushoto, dira ililia mlio mnene, ikipotea kulia, mlio mwembamba, na ikinyooka ilinyamaza. Kijana aliusikiliza mlio huo huku akiusikia upepo shavuni, naye akaipeleka boti.

Mwenyekiti wa chama, mwalimu mstaafu ambaye naye hakuona tangu utotoni, ndiye aliyemfundisha Taratibu sheria ya mle ndani. Siku ya kwanza kabisa Taratibu alisogeza ndoo ya maji kutoka upande mmoja hadi mwingine, kimya kimya, kama mtu yeyote anavyosogeza ndoo. Mwalimu akaja na mwendo wake wa haraka, akaipiga teke, akalowa mpaka magotini. Hakugomba. Alikamua suruali yake na kusema, "Ndugu yangu, kwako giza ni usiku. Kwetu giza ni mtu anayenyamaza. Humu, sema kabla ya kugusa."

Ikawa ndiyo sheria. Anayesogeza ndoo hutaja ndoo. Anayelegeza kamba huitaja kamba. Anayeshika usukani husema kwa sauti, "Nimeshika," na anayeuacha husema, "Nimeachia." Hili la usukani lilikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu boti ile ilikuwa na sukani mbili. Moja ilikuwa katikati, mbele ya benchi la vijana. Nyingine ilikuwa nyuma kabisa, kwa nahodha. Ziliunganishwa kwa mnyororo uliopita chini ya mbao, kwa hiyo ukizungusha huu na ule unazunguka. Kijana akiwa mbele, nahodha wa nyuma alitakiwa kukaa na mikono yake mapajani, kama mtoto aliyeambiwa asiguse keki.

Mwaka wa kwanza Taratibu alikaa hivyo. Boti ilikwenda upogo, ikapiga mizunguko, ikafika ilikotakiwa kwa kuchelewa, na kila mtu alicheka. Mwaka wa pili, asubuhi moja ya upepo wa kubadilika, kijana mmoja aliyeshika usukani alipoteza mwelekeo, tanga likahamia upande wa pili kwa kishindo, na boriti inayolishika chini ikampiga binti mmoja begani. Mfupa ukavunjika. Binti alipona, na mwezi wa tatu akarudi kuomba nafasi tena. Chama hakikumlaumu mtu. Lakini Taratibu ndiye aliyembeba yule binti kutoka botini hadi gari la wagonjwa, akausikia mfupa ukisagana mikononi mwake, na tangu siku hiyo usingizi wake ukawa na boriti ndani yake.

Safari iliyofuata aliweka kidole kimoja kwenye usukani wa nyuma. Kimoja tu, alijiambia, kwa tahadhari. Hakusema "Nimeshika," maana kidole si mkono. Safari ya pili vidole vikawa vitatu, na safari ya nne alikuwa ameshika kwa mikono miwili, kwa nguvu ya kutosha kunyoosha lakini si ya kutosha kujulikana, na boti ikaanza kwenda kama imepigiwa rula. Wazazi waliosubiri gatini waliona watoto wao wakiingia ghubani wamesimama wima mbele ya usukani, nao wakalia machozi ya furaha. Walimshika Taratibu mkono. Baba mmoja, fundi bomba, alimkumbatia mpaka kofia ikaanguka. "Umewapa watoto wetu macho," alimwambia. Mtu mwenye haya angesema ukweli pale pale. Taratibu aliokota kofia yake akasema, "Ni juhudi zao, ndugu yangu. Mimi nakaa tu." Na neno hilo lilimfanya apendwe zaidi.

Mambo yalikwenda hivyo miaka mitatu.

Miongoni mwa vijana hao kulikuwa na binti waliyemwita Bosi. Alipanda mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na sita, na saa ya pili tu ya safari alikuwa ameshawapanga wenzake nani apike, nani aoshe na nani anyamaze. Kuona hakuona hata mwanga. Mama yake, nesi wa zamu, alimlea peke yake na alimlea bila kumbembeleza. Bosi alirudi kila msimu. Alizijua kamba zote kwa kuzipapasa, alijua kwa mlio wa tanga kama limelegea, na alipofika miaka kumi na tisa alisema anataka kuajiriwa pale kama mkufunzi. Hapakuwa bado na mkufunzi asiyeona. Wote walikuwa watu wenye macho, wenye huruma nyingi na maneno mengi.

Chama kilikubali kwa sharti moja: ashinde mtihani wa mkaguzi wa bandari. Na ili aruhusiwe kuufanya mtihani, kitabu cha safari kilipaswa kuonyesha kwamba ameshika usukani peke yake saa sitini. Taratibu ndiye aliyekuwa akizijaza saa hizo na kutia sahihi. Alijaza sitini na mbili. Kila sahihi aliitia kwa mkono ule ule uliokuwa kwenye usukani wa nyuma, na hakuona ubaya, kwa sababu kufikia hapo alikuwa ameshajiaminisha kwamba mkono wake ni sehemu ya boti. Nyani haoni kundule, sembuse nahodha anayesifiwa.

Siku ya mtihani ilikuwa ya jua na upepo wa kiasi, siku ambayo hata mgeni angeweza kuipeleka boti. Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira na daftari lenye jalada gumu. Alikagua kamba, akakagua majaketi ya kuokolea, akafungua kitabu cha safari.

"Saa hizi sitini na mbili ni zake mwenyewe?" aliuliza.

"Zake mwenyewe," alijibu Taratibu.

"Vizuri. Basi nahodha, wewe njoo ukae huku mbele na mimi. Nyuma sitaki mtu."

Hapo roho ya Taratibu iliruka. Alikwenda mbele, akakaa juu ya rundo la kamba, mikono kati ya magoti, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu usukani wa nyuma ukabaki bila mtu.

"Nimeshika," alisema Bosi. Sauti yake ilikuwa ya furaha.

Walipoondoka kwenye maji tulivu ya gati na upepo ukajaa tangani, Bosi alifanya kama alivyozoea. Aliegemeza uzito wake kwenye usukani kuisahihisha boti, na boti, ambayo sasa haikuwa na wa kuizuia, ikageuka kama imesukumwa. Alishtuka, akarudisha kwa nguvu ile ile. Ikageuka upande wa pili. Dira ikalia mnene, ikalia mwembamba, ikalia mnene tena. Boti ilikwenda kama mlevi anayerudi nyumbani, matanga yakipigapiga, na mshono wa tanga kubwa ukaachia urefu wa mkono mzima. Bosi hakulia wala hakuomba msaada. Alikuwa ameuma meno na jasho linamtiririka kidevuni, akipigana na kitu ambacho alidhani anakijua.

"Inatosha," alisema mkaguzi boriti ilipoanza kucheza. "Nahodha, nenda ukashike."

Taratibu alikimbia nyuma, yeye ambaye hakuwahi kukimbia. Akausimamisha usukani kwa mikono miwili na, kwa kuwa mkaguzi alikuwa akimtazama, akasema kwa sauti lile neno ambalo hakulitamka kwa miaka mitatu. "Nimeshika."

Akauona mgongo wa Bosi ukitulia. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani wa katikati, na sasa usukani ule ulikuwa kama alivyoujua siku zote: wenye uzito wake, wenye kusukuma kidogo, wenye kumrudisha taratibu anapokosea. Alikaa nao hivyo kwa muda. Kisha alitoa mkono mmoja, halafu wa pili, kama mtu aliyegundua kwamba ameshika mkono wa mtu asiyemjua. Hakusema "Nimeachia." Alikaa kwenye benchi, na mpaka wanafika hakumgeuzia mtu uso.

Mtu wa nchi kavu akiaibika hutamani ardhi ipasuke immeze. Chini ya Taratibu palikuwa na maji, nayo yalikuwa tayari wakati wowote, lakini hakuwa hata na ujasiri huo.

Mkaguzi aliandika maneno mawili kwenye daftari lake, "Bado hajaweza," akampa Bosi mkono, akaondoka. Gatini wakabaki wawili. Bosi aliikunja fimbo yake nyeupe na kuikunjua.

"Baba," alisema. "Siku zote ulikuwa unashika?"

Swali lilikuwa jepesi, na jibu lake lilikuwa neno moja. Taratibu alikohoa.

"Upepo wa leo ulikuwa mbaya, mwanangu. Ungemsumbua mtu yeyote."

Bosi alitikisa kichwa mara moja, akageuka, fimbo yake ikagonga mbao za gati mpaka mwisho. Taratibu alisimama pale akiisikiliza milio hiyo, naye alijua, bila mtu kumwambia, kwamba uongo wa miaka mitatu ulikuwa mdogo kuliko huu wa sasa hivi.

Nyumbani alilipeleka tanga lililochanika. Mkewe ndiye aliyekuwa akiyashona matanga ya boti ile, kwa sindano nene na uzi wa nta, na sebule yao ilikuwa ndogo kiasi kwamba tanga likitandazwa hakuna pa kuweka mguu. Alikaa katikati ya kitambaa cheupe, miwani puani, akiutafuta mshono ulioachia. Taratibu alisimama mlangoni. Chakula kilikuwa mezani kimefunikwa na hakukigusa.

"Una nini?" aliuliza mkewe bila kuinua kichwa. "Umekuwa kama mtu aliyekalia yai."

Akamwambia. Alianza na kidole kimoja na akaishia na jibu la upepo. Kadiri alivyosema ndivyo sindano ya mkewe ilivyopungua mwendo, mpaka ikasimama.

"Wote?" mkewe aliuliza.

"Wote, baada ya yule wa bega."

"Sasa mimi nilikuwa nashona matanga ya nini? Si ungewafunga kamba ukawavuta kama mbuzi?"

"Mama watoto, niliogopa."

"Kuogopa si dhambi. Lakini ulipokumbatiwa na baba za watu, pale nako ulikuwa unaogopa?" Alivua miwani. Mzaha ulikuwa umemtoka usoni. "Macho hawana, sawa, ndivyo walivyojaliwa. Mikono walikuwa nayo. Wewe ukawanyang'anya na mikono."

Taratibu aliketi pale pale mlangoni, juu ya pindo la tanga. Alitegemea atalia, na hata kilio kilimkataa. Alijiona alivyo: mtu mzima mwenye mvi aliyewaibia watoto mchana kweupe, akijua hawataona. Kwa nini hakuwahi kufanya hivyo kwa mtu mwenye macho? Kwenye kivuko alifundisha wasaidizi saba, na hakuna hata mmoja aliyemshikia usukani kwa siri. Swali hilo lilimchoma kuliko yote, kwa sababu alilijua jibu.

"Nitakwenda kuzungumza na binti," alisema baadaye. "Yeye peke yake, kwa utulivu. Tuyamalize."

"Mficha uchi hazai," alijibu mkewe, akarudi kwenye mshono. "Anza na binti. Lakini usiishie hapo."

Kesho yake asubuhi alimkuta Bosi nyumbani kwao akipiga pasi sare za mama yake. Alifanya kazi hiyo kwa mpangilio, mkono wa kushoto ukitangulia kulaza kitambaa, wa kulia ukifuata na pasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Kiti kiko kushoto kwako, kina magazeti juu. Yaweke chini, lakini niambie umeyaweka wapi."

"Nimeyaweka chini ya dirisha," alisema Taratibu, akakaa. "Jana uliniuliza swali."

"Nilikuuliza, ukanijibu."

"Nilikudanganya."

Bosi aliisimamisha pasi. "Tangu lini?"

"Tangu safari yako ya kwanza."

"Hata ile ya mawimbi? Ile mama aliyomsimulia kila mtu kazini kwake?"

"Hasa ile."

Pasi ilikuwa inatoa mvuke. Taratibu alitamani amtukane, ingekuwa nafuu.

"Unajua nilidhani nini?" Bosi alisema mwishowe. "Nilidhani ndivyo boti ilivyo. Nilidhani ina tabia ya kusukuma kidogo, na mimi nikaisoma tabia hiyo. Usiku nilikuwa nikilala naijua mikononi. Ikisukuma hivi, mimi hivi. Nikajisifu, nikasema boti hii hakuna anayeijua kama mimi. Kumbe boti sijawahi kukutana nayo. Miaka yote mitatu nilikuwa najifunza mkono wako."

"Nilikuogopea, mwanangu."

"Ungesema. Ungesema, 'Nimeshika, naogopa.' Ningejua ninachojifunza. Jana nimesimama mbele ya yule mama kama mjinga, na sikuwa mjinga." Akaichukua pasi tena ili apate cha kushika. "Mkaguzi ameandika mimi siwezi. Utamwambia aliyeshindwa ni nani?"

"Nitamwambia."

"Na wenzangu? Na Mwalimu?"

"Wote."

"Haya," alisema Bosi. Hakumsindikiza mlangoni.

Mkaguzi alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga daftari lake, akasema angekuwa mwanawe angemchapa. Alikubali kurudia mtihani, lakini zile saa sitini na mbili alizifuta zote kwa mstari mmoja wa wino mwekundu, na Bosi alitakiwa aanze upya. Leseni ya Taratibu aliisimamisha miezi miwili.

Mkutano wa chama ndio uliomkausha mate. Walikaa ofisini kwenye viti vya plastiki, watu sita, feni ikizunguka bila kuleta upepo, Bosi naye ameitwa. Taratibu alisimama akaeleza. Alipomaliza, Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa. Mwaka uliopita, siku alipotimiza miaka sabini, walimpandisha botini, na yeye aliiongoza kutoka ghubani hadi kisiwani. Wajukuu zake walikuwepo. Alishangiliwa mpaka akapoteza sauti.

"Na mimi?" Mwalimu aliuliza polepole. "Siku ile?"

Taratibu alitazama sakafu. "Na wewe, Mwalimu."

Mzee aliinua mikono yake kidogo kutoka magotini, akaigeuza viganja juu, kama mtu anayepima uzito wa kitu kisichokuwepo, kisha akairudisha. Taratibu aliona kila kitu. Laiti wakati huo macho yake yangekuwa mabovu kama ya wote waliokuwa wamekosewa.

Alikuwa amekuja na barua ya kuacha kazi, na kusema kweli aliitaka ikubaliwe. Kufukuzwa kungekuwa mlango. Mwekahazina alikuwa ameshanyoosha mkono kuipokea Bosi aliposema, "Asiende."

Wakamgeukia.

"Akienda atakaa kwake ajionee huruma, na watu watasema alikuwa mzee mwema aliyekosea kidogo. Abaki. Akae pale nyuma atuone tunavyojifunza kweli. Ila usukani wa nyuma ung'olewe. Na aung'oe yeye mwenyewe."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Ikibidi nahodha aiongoze boti, atakuja mbele, ataomba kwa sauti apishwe, na kila mtu atasikia. Taratibu aliung'oa usukani siku ya Jumamosi, kwa spana na mafuta, akiwa amepiga magoti. Nati zilikuwa na kutu na kazi ilimchukua nusu siku. Akaziba tundu la mnyororo kwa ubao na kuupaka rangi.

Kazi ya simu ilikuwa ngumu zaidi. Kwa kuwa wengi walirudi safari baada ya safari, vijana walikuwa thelathini na mmoja, bila Bosi na Mwalimu, na aliwapigia mmoja mmoja, akikaa jikoni, mkewe akiwa kwenye cherehani yake kimya kwa heshima ya jambo lenyewe. Mmoja alicheka akasema ni mambo ya zamani. Mmoja alikata simu. Mmoja, ambaye sasa alikuwa mkandaji hospitalini, alisema kila mgonjwa anayelala kwenye kitanda chake husimuliwa jinsi alivyoipeleka boti kisiwani, akauliza, "Sasa nikiwa nawakanda niwasimulie nini?" Na mwingine alisema kwa upole, "Mimi nilijua, baba. Mnyororo ulikuwa unalia chini ya miguu yangu. Nilinyamaza, nikaona utaona haya." Baada ya simu hiyo Taratibu alitoka nje akasimama ukutani mpaka mkewe akaja kumwita.

Leseni iliporudi, Bosi akaanza saa ya kwanza. Boti ilikwenda upogo, ikalikosa boya mara tatu, ikaligonga mara ya nne. Taratibu alikaa nyuma, mahali palipokuwa na usukani, akisema anachokiona: kivuko kulia, mbali, boya mbele, kushoto kidogo, naogopa. Alisema naogopa mara nyingi. Siku moja walilala na njaa kwa sababu walichelewa kufika na upepo ukawafia. Ilimchukua binti miezi saba na msimu mmoja wa mafua kuzimaliza saa sitini, na mikono yake ikaota sugu mpya mahali ambapo hapakuwa na sugu. Mkaguzi alirudi na viatu vyake vya mpira. Safari hii aliandika ukurasa mzima, na mwisho wake ulikuwa neno "Anaweza."

Safari ya kwanza ya Bosi kama mkufunzi ilikuwa na vijana wanane wapya, waoga, wenye kushikana nguo. Aliwapanga kama kawaida yake. Akamchagua binti wa miaka kumi na tano, akamsimamisha mbele ya usukani, akaiweka mikono yake ilipotakiwa kuwa, akamwambia asikilize dira. Upepo ulikuwa umeanza kujaa. Binti alisema kwa kigugumizi, "Nimeshika."

"Subiri kwanza," Bosi alimwambia.

Akageuza uso nyuma. Kila mtu wa chama alijua kwamba kule hakukuwa na usukani, na Bosi alijua zaidi ya wote, maana siku ulipong'olewa alikuja akaupapasa ule ubao uliozibwa, kona hadi kona.

"Baba," aliita. "Umeshika?"

Taratibu alikuwa amekaa, mikono yake mitupu mapajani. Vijana wanane wapya walikuwa wakisubiri, hawajui wanasubiri nini.

"Sijashika, mwanangu," alijibu.

Bosi alikaa akisikiliza, kichwa kimeinama upande, muda mrefu kuliko jibu lenyewe. Kisha akamgeukia binti.

"Haya," alisema. "Twende."

Kila safari alimuuliza hivyo, kabla ya mikono mipya kuanza kazi. Wala hakuwahi kusema kwa nini.